Kikohozi cha Mama Mkwe

Kama kungekuwa na mahakama ya pua, Paskazia angewafunga wauguzi wote wa Hospitali ya Mwantumba kifungo cha maisha. Kila alipoingia wodi ya kifua kikuu asubuhi alizikuta pua zao zimechungulia juu ya barakoa, nene kwa nyembamba, zimestarehe, zinavuta hewa ile ile iliyotoka kwenye mapafu ya wagonjwa. Na wenye pua hizo hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Walikuwa wamesoma, wana vyeti, na siku ya kuhitimu walikula kiapo mbele ya wazazi wao na mishumaa mkononi.

"Advera, pua," alisema Paskazia.

"Nimefunika, jamani."

"Umefunika kidevu. Kidevu hakipumui."

Advera alicheka, maana Advera alicheka kwa kila kitu. Alikuwa nesi mnene mwenye roho nyepesi, kipenzi cha wagonjwa, na barakoa yake ilikaa kidevuni asubuhi mpaka jioni. Aliishusha kwa ajili ya andazi la saa nne na haikupanda tena. Ukimuuliza, alikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyomtia Paskazia kichefuchefu: ati huwezi kumwamkia mzee wa watu ukiwa umejiziba mdomo, atadhani unamwonea kinyaa. Basi Advera alimwamkia kila mzee kwa uso mtupu. Alimsogelea, akamshika mkono, akamuuliza habari za ng'ombe, za mvua, za wajukuu mmoja mmoja, na mzee akamjibu yote hayo akimkoholea usoni.

"Heshima yako hiyo itakuzika," Paskazia alimwambia, "na kaburini utaishukuru."

Sylvester, kijana aliyehamia kutoka Dar es Salaam, hakuwa na nafuu. Yeye alikuwa na barakoa nyeusi ya kitambaa, nzuri kweli kweli, na aliivaa akiwa juu ya pikipiki, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu wasichana wa stendi waliipenda. Akifika wodini aliivua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni isichafuke. Yaani badala ya barakoa kumkinga yeye, yeye ndiye aliyeikinga barakoa.

Lakini aliyemtoa Paskazia roho kuliko wote alikuwa Matroni Apolinaria, mkuu wao. Barakoa za kweli, zile ngumu za N95 zinazobana uso mpaka mtu anahisi amevaa sufuria, hospitali ilikuwa nazo. Mtu wa nje angedhani hazipo. Zilikuwepo, maboksi juu ya maboksi, ndani ya kabati la kioo ofisini kwa Matroni, pamoja na vikombe vya maua, sahani zenye ukingo wa dhahabu na birika ambalo halijawahi kuonja chai ya mfanyakazi. Vyote hivyo vilikuwa vya wageni. Matroni alilelewa kwenye nyumba ambayo vyombo vizuri ni vya wageni, kama wengi wetu tulivyolelewa, na hakuona kwa nini hospitali iwe tofauti. Wauguzi wa zamu walipewa zile nyepesi za bluu, ambazo zikilowa jasho zinalala puani na kukata tamaa.

"Hizi ngumu ni za ukaguzi," Matroni alisema bila kupepesa macho. "Nikizigawa leo, wageni wakija watakuta nini?"

"Watakuta wauguzi wazima."

Matroni alimnunia. Lakini Paskazia hakuwa mtu wa kununiwa akanywea. Alikwenda ofisini siku baada ya siku, akasimama mlangoni, akakataa kiti, mpaka akapewa barakoa moja aondoke zake. Aliitunza kuliko viatu vya kanisani. Ikitoka usoni iliingia kwenye bahasha ya kaki yenye jina lake, ikatundikwa msumarini ikauke. Kabla ya kuingia wodini alikibana kile chuma cha puani, akapuliza kwa nguvu, akapapasa pembeni kuhakikisha hewa haitoki. Alama zake hazikumtoka mashavuni hata Jumapili. Wenzake walimwita Mama Pua, na alijua, na alitembea kichwa juu.

Msidhani alikuwa mwoga wa bure. Mwantumba iko kando ya barabara kubwa, ile iliyokuwa njia ya misafara kabla ya lami, na imepokea vikohozi vya wasafiri tangu enzi za wapagazi. Kabla yake wodi ile ilikuwa na muuguzi mwingine, Koleta, mtu wa Puge, mchangamfu, pua nje. Koleta aliambukizwa wodini, akakipeleka kifua kikuu nyumbani bila kujua, kikampata mwanawe mchanga. Koleta alipona. Mtoto hakupona. Paskazia alikwenda kwenye maziko akiwa na mimba kubwa, watu wamemkataza, na akaliona jeneza lililobebwa na mtu mmoja kwapani. Mimba yake hiyo ilikuwa ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Alipozaliwa Mhoja, binti mwenye mapaja ya mikunjo na sauti ya kuamsha mtaa, Paskazia alijiapia jambo moja tu: kikohozi cha wodi ile hakitavuka kizingiti cha nyumba yake. Mengine yote ya hospitali ile yangeweza kuteketea, asingejali.

Likizo ya uzazi ilipokwisha ilibidi apatikane mtu wa kumshika mtoto. Mumewe Benjamini alifundisha sekondari huko Igunga na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Akamleta mama yake, Minza, kutoka Ziba, pamoja na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kuku wawili na jicho la kuona kila kasoro.

Minza alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Angekuwa na maneno mengi Paskazia angemmudu, kwa sababu kwa maneno hakuna aliyepata kumshinda pale Mwantumba. Minza alikuwa na silaha nyingine. Alikohoa.

Mnakijua kikohozi hicho. Kila aliyeolewa anakijua. Mtu amekaa zake kibarazani, wewe unapita na gauni jipya, yeye anageukia pembeni: "Kh! Kh-hm!" Hajasema kitu. Ukimuuliza, koo linamuwasha. Lakini alichokisema umekisikia, na majirani nao wamekisikia.

Paskazia alikutana nacho siku ya kwanza aliyorudi kutoka zamu. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, akavua sare kwenye banda la kuogea, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akaoga mpaka nywele, akavaa gauni la nyumbani, ndipo akanyoosha mikono apewe mwanawe. Minza, mtoto mgongoni, alikuwa ameitazama shughuli yote hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kh-hm! Kh! Kh!"

"Shikamoo mama," alisema Paskazia, meno yamebana.

"Marahaba. Maji yote hayo, kwani umetoka kuzika?"

"Nimetoka kwa wagonjwa. Sitaki kumletea mtoto uchafu wa watu."

"Haya," alisema Minza, na akakohoa tena.

Tangu hapo ikawa vita. Paskazia akinunua nyama, kikohozi. Akilala mchana baada ya zamu ya usiku, kikohozi dirishani. Akimpa Mhoja uji wa dukani badala ya ule wa mtama uliosagwa na bibi, kikohozi mara mbili. Benjamini aliporudi mwisho wa wiki mkewe alimshitakia kabla hajavua viatu.

"Mama yako ananikoholea."

Benjamini alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndivyo alivyo. Alimkoholea marehemu baba mpaka akaacha pombe. Mzoee tu."

Kumzoea! Paskazia alijibu kwa silaha yake mwenyewe, yaani mdomo. Jioni akisonga ugali alisimulia ya wodini, na hakuyasimulia kwa huruma.

"Leo wameleta mama mmoja," alisema, mwiko unazunguka. "Anakohoa tangu mavuno, yuko kimya nyumbani kwa mwanawe, anabeba wajukuu mgongoni. Mijitu mingine, loo! Unakohoa, unajijua unakohoa, unakaa na watoto wa wenzio. Watu wa namna hiyo mimi ningewafungia zizini na ndama."

"Labda hakujua," alisema Minza.

"Alijua. Wote wanajua. Wanaficha kwa ushamba wao na uchafu wao tu."

Minza aliutazama moto. Alimsogeza Mhoja kutoka paja hili kwenda lile. Halafu akakohoa, kirefu, kiganja mdomoni, mabega yakitikisika. Paskazia aliliona hilo kuwa ndilo jibu lake, akaupakua ugali na kuubwaga kwenye sahani.

Basi wageni wakaja hospitali. Wakaguzi walipiga simu kuthibitisha safari, Matroni akafungua kabati, na barakoa ngumu zikatoka pamoja na vikombe vya maua kwenye sinia moja. Lilikuwa jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kuliza. Hakuna aliyejua kuzivaa, kwa sababu hakuna aliyezizoea. Advera alivaa yake juu chini, chuma cha puani kikambana kidevu, kidevu kile kile kilichozoea kupendelewa. Sylvester aliona kamba mbili ni nyingi, akakata moja. Mwingine aliivaa juu ya ile ya bluu, akaanza kutweta, ikabidi atolewe nje apunge upepo. Mkaguzi mmoja alipiga picha, akasifu sana, akanywa chai.

Gari lao lilipokunja kona kuingia barabara kubwa, Matroni alipita na sinia lile lile akizikusanya barakoa. Alizifuta kwa spiriti, moja moja, na kuzirudisha kwenye boksi zilikotoka. Alipomfikia Paskazia, Paskazia aliweka mkono usoni.

"Hii hairudi."

"Paskazia, usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu imeshakunywa chai na kuondoka, Matroni."

Akaingia ofisini, akachukua boksi zima lisilofunguliwa, akatoka nalo kwapani. Hakuna aliyethubutu kumkimbilia. Hakumgawia mwenzake hata moja. Wenye pua za kuchezea, alisema, waendelee kuchezea, naye akalifungia boksi lile kwenye kabati lake la nguo, kufuli na ufunguo.

Jioni ile aliusimulia ushindi wake nyumbani, amesimama katikati ya chumba, akiwaigiza wote: Advera na kidevu chake, Sylvester na mkasi wake, Matroni na sinia lake. Alijua kuigiza. Minza alikaa kwenye kigoda, Mhoja kifuani, na hadithi ilipofika patamu akaanza kukohoa. Alikohoa na kukohoa, hakunyamaza, hadithi ikafia njiani.

"Mama!" Paskazia alipiga kofi meza. "Kama una neno na mimi, liseme. Usinikoholee ndani ya nyumba yangu!"

Minza alimpa mtoto. Akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akaitazama ile ncha, akaikunja ndani.

"Sina neno, ng'wana wane, mwanangu. Nisamehe."

Na kweli, tangu siku ile hakukohoa tena ndani. Alikuwa akiinuka ghafla katikati ya mazungumzo, anakwenda nyuma ya jiko kwenye kuni, anakaa huko, anarudi na macho mekundu. Paskazia alihesabu huo ni ushindi wa pili. Aliwatangazia kazini kwamba amemwachisha mama mkwe kukohoa, jambo ambalo ukoo mzima wa Ziba ulilishindwa.

Minza akageuza mbinu, au ndivyo mkamwana wake alivyoona. Akaanza kubakiza chakula. Sahani yake ilirudi jikoni na tonge mbili tatu zimeguswa, na Paskazia akajua anasusiwa. Magauni yakaanza kumpwaya, mifupa ya shingo ikatokeza, na Paskazia akajua bibi anajikondesha makusudi ili mwanawe akija mwisho wa wiki aseme mke hamlishi mama yake. Kila alfajiri Minza alifua shuka alilolalia, akalianika kwenye kamba ya mbele, na Paskazia akajua anawaonyesha majirani kwamba nyumba hii ina mwanamke mmoja tu anayefua. Kila kitu alikijua, huyo.

Na kila asubuhi, Paskazia huyo huyo alisimama mbele ya benchi la ndugu wa wagonjwa, barakoa imebana, akawahesabia kwa vidole: kikohozi kisichoisha, kukonda, kukosa hamu ya kula, jasho jingi la usiku linalolowesha shuka. "Ukiona haya kwa mtu wa nyumbani kwako usisubiri," aliwaambia. "Mlete. Macho hamkupewa ya pambo." Alikuwa na sauti nzuri ya kufundisha. Hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia.

Mhoja akaacha kunenepa. Mikunjo ya mapaja ilikwisha kwanza, halafu uchangamfu. Ikaja homa ya jioni iliyoshuka na kurudi. Paskazia alijiambia ni meno. Kisha siku moja, akiwa anamenya viazi, alimsikia mtoto akikohoa kwenye mkeka, kikohozi kidogo, kikavu, na kisu kikamponyoka. Hicho hakukidhania kuwa kijembe.

Alimbeba mbio mpaka hospitali, gauni la nyumbani mwilini, kichwa wazi. Picha ya kifua ilipigwa. Daktari aliitazama kwenye mwanga, akamtazama Paskazia, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini ambayo Paskazia mwenyewe aliitumia kwa watu wengine. Aliyajua maneno yote kabla hayajasemwa. Alichokiona ni lile jeneza la Puge na mtu mmoja anayelibeba.

"Nipimeni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemletea."

Walimpima. Makohozi safi, mapafu safi. Barakoa yake ilikuwa imefanya kazi yake. Na badala ya kushukuru, Paskazia aliingiwa na hasira ya kutafuta mtu, na mtu alikuwa karibu. Aliingia wodini akamkuta Advera amemwinamia mzee, kidevu kimevikwa, anaulizia ng'ombe.

"Wewe! Umeniulia mwanangu kwa kidevu chako!"

"Paskazia, dada yangu..."

"Ulimbeba kanisani! Ulimbusu! Na pua yako hiyo, lidude!"

Wagonjwa waliinuka vitandani kutazama. Advera, kwa mara moja maishani, hakucheka. Alilia palepale mbele ya watu, kisha akaenda maabara akatema makohozi yake mwenyewe kwenye kikopo. Yalikuwa safi. Ya Sylvester yalikuwa safi pia, na Mungu ndiye ajuaye alivyostahili.

"Nyumbani kuna mtu anayekohoa?" daktari akamuuliza Paskazia.

"Hakuna," alijibu papo hapo. Na hakudanganya. Ndivyo alivyoamini.

Mhoja akaanzishiwa dawa, zile za watoto zinazoyeyushwa kwenye kijiko cha maji, na akaruhusiwa kuzinywea nyumbani. Advera akaja kumtazama. Alikuwa ametukanwa hadharani, lakini mtoto wa mwenzake anaumwa, na kwake hilo halikuwa na mjadala. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, kilo ya sukari mkononi, barakoa ya bluu kidevuni kama kawaida. Akapiga hodi, akakaribishwa uani, alikokuwa Paskazia amekaa mkekani na mtoto mapajani. Paskazia alimwomba radhi ya juujuu kwa yale matusi. Advera akasema yameisha. Hapo ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya jiko, kwenye kuni. Ilianza, ikakatika, ikaanza tena, ikaendelea.

Advera aligeuza kichwa kusikiliza. "Bibi anakohoa tangu lini?"

"Hakohoi huyo," alisema Paskazia, macho kwa mtoto. "Ananisema."

Taratibu Advera aliishika barakoa yake kidevuni, akaipandisha juu ya mdomo, akaipandisha juu ya pua, akakibana kile chuma kwa vidole viwili. Hapo hapo, katikati ya ua wa Paskazia.

Paskazia aliiona barakoa ile ilipofika. Hakuwahi kuiona mahali pake hata siku moja, si wodini, si kwa wagonjwa waliokuwa wakitapika damu. Akainua kichwa na kusikiliza. Kilikuwa kikohozi cha ndani, chenye maji, kinachoanzia chini ya mbavu na kumwacha mtu akitafuta pumzi. Kingekuwa cha mgonjwa yeyote mwingine angekitambua akiwa bado getini. Na bibi huyu alikuwa amembeba Mhoja mgongoni kwake, kifuani kwake, pumzi kwa pumzi, wakati Paskazia mwenyewe alikuwa anaoga kwenye banda la nyuma mpaka nywele.

"Mama yangu," alisema Paskazia, na haikujulikana anamwita nani.

Makohozi ya Minza yalijaa vijidudu. Alikuwa amedhoofika, hakuweza hata kupanda ngazi za mlango wa wodi bila kushikwa, kwa hiyo wakamlaza, kitanda cha dirishani. Benjamini alikuja akakaa na mama yake, akatoka, akasimama mbele ya mkewe. Hakufoka. "Ulikuwa unaishi naye wewe," alisema tu, na akaenda nyumbani kumshika mtoto. Hospitali nzima ilijua, kuanzia mlinzi mpaka mpishi, na hakuna aliyecheka. Paskazia angependa wacheke. Kicheko angekijibu. Matroni Apolinaria alikuja kutoa pole, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaondoka na funguo za kabati lake zikilia kiunoni. Paskazia alikwenda nyumbani, akafungua kufuli lake mwenyewe, akalileta lile boksi, akaliweka juu ya meza ya wodi. Advera alichukua moja na kuivaa vizuri. Hakuna aliyemwelekeza.

Kisha ikaja zamu yake ya kugawa dawa. Alizihesabu za wengine, akafika dirishani.

Minza alipomwona anakuja alijifunika mdomo kwa kanga na kugeuzia uso ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinikaribie sana."

"Nimevaa barakoa."

"Najua. Wewe huvaa."

Paskazia alimwinua, akampa maji, akamtazama akimeza kidonge baada ya kidonge, koo jembamba likipanda na kushuka. Alikuwa amejiapia kunyamaza, lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Mimi ni nesi. Nesi wa ugonjwa huu huu."

Minza alitafuta pumzi kwanza.

"Nilikuja na kikohozi kidogo kutoka Ziba," alisema. "Nikasema ni vumbi. Kukukoholea nilikukoholea, mwanzoni, sikatai, ulikuwa unaoga mno. Halafu kikawa hakinisikii tena, kinakuja chenyewe. Nilitaka kukwambia jioni ile. Ndiyo jioni uliyomsema yule mama mwenye wajukuu. Mchafu. Mshamba. Wa kufungiwa zizini na ndama." Alipumzika. "Nikajua ndiye mimi. Nikaona wewe unadhani nakusema. Nikakuacha udhani hivyo. Nilitaka uniite mkorofi, ng'wana wane. Ukorofi ningeuvumilia."

Machozi yalimshuka Paskazia, yakaingia ndani ya barakoa na kukwama humo, maana ilikuwa imebana vizuri, na hakuweza kuyafuta bila kuivua.

"Mhoja amekula?" aliuliza Minza.

"Uji kidogo."

"Analala?"

"Anakulilia. Hautaki mgongo wangu."

"Na kifua?"

"Bado anakohoa."

Minza alitikisa kichwa taratibu. Mkono wake ulikitafuta kifua chake mwenyewe, ukakikandamiza. Akavuta kanga juu ya mdomo, akageukia ukutani, akajibana hivyo hivyo, mabega yamekakamaa, mpaka mkamwana wake alipookota sinia la dawa, akavuka wodi nzima, akatoka na kufunga mlango. Ndipo akakohoa.